Ukuta wa Chumba cha Eda

Harufu ya chokaa mbichi siipendi mpaka leo. Ikinipata mahali wanapojenga, mwili hunisisimka nikaongeza mwendo. Ni harufu ya chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Mabawa, Tanga, miaka ya hamsini, mimi nikiwa binti wa miaka tisa. Baba alikijenga kwa mawe ya matumbawe, akakiunganisha na nyumba yetu ya fito na udongo, maana alitaka na yeye aitwe mwenye nyumba ya mawe. Chumba hakijakauka vizuri, baba akafariki humo. Mama akaanza kukaa eda, miezi minne na siku kumi, na bibi mzaa baba, aliyeshika mambo kwelikweli, akasema mjane hatoki chumba alimofia mumewe.

Tetemeko lilikuja alasiri. Nilikuwa uani nikichambua mchele, mara mchele ukaanza kucheza wenyewe kwenye ungo, kuku wakaruka, ardhi ikanguruma chini ya miguu yangu. Lo, hofu ile! Kila mlango watu walitoka mbio wakitoa shahada. Hata bibi alitoka kichwa wazi, kanga yake imebaki ndani. Asiyetoka ni mama. Nikapiga kelele, "Mama, toka! Toka, mama!" Akanijibu kupitia dirishani, sauti ikimtetemeka, "Nitatokaje, mwanangu, na mimi nimo edani?" Ardhi ikatulia. Mama alikuwa mzima, lakini juu ya kitanda chake kuta mbili zilikuwa zimeachana pembeni, na mkono wangu ulipita katikati.

Fundi Kombo, jirani yetu Mpemba, alikuja kutazama. Alimkumbusha bibi kwamba alimshauri baba alaze boriti ndani ya ukuta na kuzifunga pembeni, baba akakataa, akasema mawe hayahitaji miti. "Ukuta huu umesimama tu, haukushikwa na kitu," alisema. "Ile ya udongo mnayoionea haya, fito zake zimefungwa kamba, itayumba na kurudi. Huu ukiyumba haurudi. Mtoe mkaza mwanao, bibi." Bibi akamwambia yeye ni fundi wa mawe, si fundi wa dini. Fundi akaenda zake amenuna.

Siku mbili zilizofuata nilishinda nikitega sikio. Lori la mkonge likipita barabarani nilikimbilia dirisha la mama kuhakikisha bado anapumua. Nikaazimia kumuuliza maalim wetu wa chuo cha Kurani kama mama anaruhusiwa kuhama. Nilifika mpaka mlangoni pake, nikaiona bakora yake ukutani, nikaufyata. Nikarudi nyumbani, na sijui maneno yalitoka wapi. "Shikamoo, bibi. Maalim amesema mama ahamie chumba cha uani. Nyumba ni ile ile, eda haivunjiki." Bibi alinitazama sana. "Kasema hivyo?" Nikasema ndiyo. Jioni ile mama akahamia chumba cha udongo, amejifunika shuka gubigubi.

Kesho yake asubuhi ardhi ikatikisika tena, kidogo tu, wala si kama mara ya kwanza. Ukuta ukaangukia ndani, wote, juu ya kitanda. Nilipiga mayowe ya kuita mama na mama mwenyewe amenishika mkono. Maalim alipokuja kutupa pole, bibi akamshukuru kwa kauli yake. Wee! Nilidhani nitakufa pale pale. Maalim akanitazama, kisha akasema, "Naam. Dini haikumtaka afe." Hakuniuliza neno, siku ile wala baadaye.

Sasa mjukuu wangu anajenga Raskazone, na fundi wake ananicheka: "Bibi, Tanga hii tetemeko liko wapi?" Acha acheke. Nimeketi kwenye kiti changu pale pale mpaka nondo zimefungwa kila pembe na mkanda wa zege umezunguka nyumba nzima. Siku hizi vifaa vipo, aibu ya kutumia miti haipo, lakini ubishi wa baba naona bado uko hai. Mama alizeeka mpaka nuru ya macho ikamtoka, akafa akiamini ni maalim aliyemwokoa. Kila Ramadhani naomba toba kwa uongo ule, na kila nikimaliza najua ningeusema tena.