Nadhiri ya Herlinda na Kazi ya Cancún

Saa moja asubuhi, Herlinda Bracamontes anakanda unga wa mahindi huku akifanya mazoezi ya kuimba, akipandisha sauti ngazi baada ya ngazi. Mashine ya tortilla, mikate myembamba ya mahindi anayouza, inanguruma. Yeye anaishinda.

"Punguza, dada! Watu watadhani gari la zimamoto," anasema Chuy Arreola, mpiga tarumbeta wa bendi yao, aliyekuja kununua kilo mbili.

"Wewe ukipuliza wanadhani punda amevunjika mguu."

Wanacheka. Kisha Herlinda anafuta mikono.

Ana miaka thelathini na tisa. Kwa miaka kumi na minne ameimba mariachi, muziki wa bendi wa Kimeksiko, harusini na makaburini hapa Santa Brígida, jimbo la Jalisco. Hulipwa peso mia saba kwa shughuli, nazo shughuli ni za kubahatisha. Tortilla ndizo zinazomsomesha binti yake.

Miaka mitatu iliyopita koo lilivimba na sauti ikapotea miezi mitano. Alipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, Mama wa Guadalupe, akaweka nadhiri: akipona, atamwimbia alfajiri katika kanisa la hapa kijijini kila tarehe kumi na mbili Desemba, sikukuu yake. Akapona. Hajakosa hata mara moja.

Wiki iliyopita hoteli moja ya Cancún, mji wa watalii ulio mbali pwani, ilimpa mkataba wa mwaka mzima wa kuimba. Aanze tarehe kumi na mbili Desemba.

"Kazi hii niliiomba kwa Mama huyo huyo," anamwambia Chuy. "Amenipa, au ananipima? Nasali kila siku, sielewi najibiwa nini."

Mama yake mzazi, Doña Tomasa, haoni ugumu. "Nenda tu. Koo likifunga tena usije kunililia mimi."

Padri alimwambia nadhiri inaweza kubadilishwa. "Nilimshukuru, nikatoka nimechanganyikiwa zaidi. Aliyeahidi ni mimi, si padri."

Juzi aliipigia simu hoteli, akaomba aanze tarehe kumi na tatu. Walisema watamjibu leo.

Jioni, katika ukumbi wa parokia, bendi inafanya mazoezi ya wimbo wa alfajiri ile. Katikati ya ubeti wa pili, simu yake inatetemeka juu ya kiti.

"Ndio wao! Pokea, dada!" Chuy anashusha tarumbeta.

Herlinda anaitazama simu.

"Nataka kuishi kwa sauti yangu, Chuy. Wakikubali, nikitoka kanisani naenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Wakikataa, sijui. Kweli sijui." Anavuta pumzi. "Lakini wimbo wa Mama wa Guadalupe siukatizi. Piga."

Chuy anapandisha tarumbeta. Simu bado inaita.