Nyota ya Dirisha la Bibi

Jambo la mwisho la kawaida ninalolikumbuka, nilipokuwa mtoto nyumbani kwetu mtaa wa Kuze, katika mji wa kale, miaka michache baada ya uhuru, ni babu kulalamika kwamba mahamri hayana iliki. Kufikia adhuhuri alikuwa amefariki.

Bibi akakaa eda katika chumba cha juu, dirisha lake likitazama magharibi, kichochoroni. Usiku wa kwanza alichagua nyota moja iliyosimama juu ya paa la jirani. Wanawake wa umri wake waliamini kwamba mjane akiiona nyota yake kila usiku mpaka eda iishe, sura ya marehemu haitamtoka akilini. Akiikosa, itamtoka. Hatukuwa na picha ya babu hata moja.

Mwezi wa pili, baraza la mji likatundika taa ya umeme ukutani, mkabala na dirisha lile. Baba ndiye aliyeiomba, maana vidato vya ngazi ya kichochoroni vilikuwa vimevunja watu miguu. Majirani walimsifu, wakasema sasa hata mchele utachambuliwa nje baada ya isha. Lakini mbingu ya bibi iligeuka ukungu mweupe.

"Sikwambii uizime," alimwambia baba. "Izibe juu, mwanga ushuke wanakopita watu."

"Mama, wanaojikwaa ni walio hai," baba akajibu, akacheka.

Hakucheka tena bibi alipoanza kurudisha sahani bila kuzigusa. Baada ya wiki kadhaa baba alimleta fundi wa bati, taa ikavishwa kofia. Jioni ile mwanga ulibaki kwenye vidato, na nyota zikarudi. Bibi alisimama dirishani muda mrefu.

"Haipo," akasema.

Nilikuja kujua nilipokuwa chuo kikuu kwamba nyota, ukiitazama saa ile ile, husogea magharibi kidogo kila usiku. Ile ilikuwa imeshashuka nyuma ya paa la jirani, na ingeshuka hata bila taa. Ila gizani bibi angeiona ikienda, usiku baada ya usiku, akapata kuizoea safari yake. Taa ilimnyima kuaga. Mke wangu amefariki mwaka huu. Siamini mambo ya nyota, lakini hupanda juu ya paa baada ya isha, na taa za gati ya Mbaraki zimeifuta mbingu yote. Hakuna ninachoweza kukitazama kikiondoka.

Asubuhi baada ya taa kuvishwa kofia, bibi aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama babu alikuwa na ndevu. Baba alikuwa mlangoni, tayari kwenda kazini. Akavua viatu, akaingia, akaketi mkekani mbele ya mama yake, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nitazame mimi, mama," akasema. "Watu wote husema nimemchukua sura."

Hakwenda kazini siku ile.