Mikono ya Mwimbaji

Mwaka wa sabini na nne kikundi chetu cha michezo ya nyimbo kilimchukua kwa majaribio msichana mmoja wa kwaya ya kanisa hapa Iringa. Sauti alikuwa nayo, lakini mikono haikubanduka mgongoni. Hata akiigiza mke anayemfokea mumewe, alisimama wima kama anamsubiri mchungaji.

"Binti," mwalimu wetu akamwambia, "usipobadilika leo, Mbeya tutakwenda bila wewe."

Akamletea kinu, mchi na mahindi. Msichana akaimba huku akitwanga, na kila neno la hasira likashuka na mchi. Mimi niliyekuwa mume nilijikuta nimerudi nyuma.

Wimbo ukaisha, tukapiga makofi. Yeye akaendelea kutwanga.

"Inatosha, binti. Utakwenda."

"Bado, mwalimu. Mahindi hayajakoboka."