Mwaka Niliouomba

Wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili wa kazi Malton, karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, na nilipofika mlangoni nikalitambua jengo. Lilikuwa ghala lile lile nililofanyia mazoezi ya besiboli. Siku hizi limejaa maboksi hadi karibu na paa, lakini nilipoketi mbele ya waliokuwa wakinihoji nilihisi bado nasikia mipira ikigonga nyavu. Nimehitimu chuo mwaka huu, na kila usaili naurudia kichwani mara kumi baada ya kutoka. Ule sikumbuki hata swali moja.

Wewe rafiki yangu hukunijua wakati ule. Nilikuwa mrushaji wa besiboli, yaani yule anayesimama katikati ya uwanja akimrushia mpira mwenye gongo. Nilipomaliza sekondari, kocha alisema nina mkono mzuri ila mwili bado haujakomaa. Nikirudi shuleni mwaka mmoja zaidi, nikafanya mazoezi ghalani majira yote ya baridi, vyuo vya Marekani vitanitazama. Nilimwomba mama mwaka huo kwa mwezi mzima. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisije nikamwambia mwaka umepotea bure.

Tuliishi kwenye maghorofa ya Dixon, ambako habari zako hupanda lifti kabla yako. Jirani wa mlango wa pili aliniuliza ndani ya lifti, mbele ya watu, kama ni kweli nimefeli, maana wenzangu wako chuo na mimi bado narusha mawe. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amesimama kando yangu na mfuko wa viazi. Akamjibu taratibu kwamba ndizi ikivundikwa haijafeli. Lifti nzima ikacheka, hata jirani mwenyewe.

Bibi alikuwa mkandaji. Kazi hiyo alifunzwa na mama yake huko Tanga, na hapa Toronto wanawake waliojifungua walimwita kutoka majengo yote ya jirani. Aliwakanda, akawafunga mkaja tumboni, akawapikia uji wa pilipili manga. Uji ukibaki, sufuria niliikomba mimi. Nyumba yetu ilinukia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, na mwaka ule, kila jioni niliporudi na basi kutoka Malton, alinikalisha kwenye zulia akaulaza mkono wangu mapajani mwake. "Lete mkono, mume wangu," alikuwa akisema, kwa ule utani wa mabibi.

Mwezi wa tatu, theluji chafu ikiwa bado imerundikana kando ya barabara, vidole vyake vilisimama kwenye kiwiko. Alibonyeza, nikajikaza. Akabonyeza tena.

"Hapa pameanza kuchanika. Mwambie mama yako, upumzike."

Kocha wa chuo kimoja cha Marekani alikuwa anakuja kunitazama baada ya wiki tatu. Nilipima kila upande, kama kawaida yangu. Nikipumzika, mwaka umepotea. Nikimwambia mama, atauliza kwa nini niliuomba. Nikamwapisha bibi asiseme. Alisema kiwiko hakijui kutunza siri, lakini yeye alinyamaza.

Siku yenyewe nilirusha mipira kumi na mmoja. Wa kumi na mbili haukufika. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya kiwiko, vidole vikafa ganzi, na kocha mgeni akafunga daftari lake kwa adabu.

Daktari alinieleza nikiwa peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshatimiza umri wa utu uzima. Jeraha lilianza wiki nyingi nyuma, akasema, na mimi nikalimaliza kwa kuendelea kurusha. Mama alikuwa nje kwenye viti. Alipouliza, nilimwambia daktari hajui chanzo.

Mama hakuweza kulala na jambo lisilo na chanzo. Siku iliyofuata alimfuata bibi jikoni.

"Mama, nilikwambia mkono wa mtoto si tumbo la mzazi. Umemharibu."

Bibi alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni ili upite kwanza. Nikatazama sakafu.

"Labda mikono yangu imezeeka," akasema.

Mama alimweleza shoga yake mmoja tu. Kufikia majira ya joto hakuna mzazi aliyemwita bibi tena. Bibi aliisukuma chupa ya mafuta nyuma ya mchele kabatini, wala hakuniomba mkono. Mimi niliingia chuo cha hapa hapa mjini, bila mpira. Nilijiambia nitasema ukweli mitihani ikiisha, kisha Ramadhani ikiisha, kisha, bibi alipougua, akipata nafuu. Alifariki nikiwa mwaka wa pili, na ujuzi ule uliopokezwa mkono kwa mkono tangu Tanga ukaishia kwetu, kwa sababu yangu.

Jumamosi nilimkuta mama kwa dada yangu, aliyejifungua siku tisa zilizopita. Mama alikuwa ametafuta mkandaji Dixon nzima, akakosa, akachemsha mafuta mwenyewe. Alikaa kitandani, viganja vinang'aa, ameviinua juu ya tumbo la dada na haviteremki.

"Wewe alikukanda kila siku," akaniambia. "Alikuwa anaanzia wapi?"

Nilijaribu kukumbuka. Lakini jioni zote zile, mkono wangu ukiwa mapajani mwake, nilikuwa nawaza mpira. Nikasema sijui, na safari hii nilikuwa nasema kweli.