Pumzi Kati ya Nane na Tisa

Pyo Mi-ran anaishi kwa kuhesabu sekunde. Katika mashindano ya kimataifa ya baduk, mchezo wa kuteka eneo la ubao kwa mawe meusi na meupe, hapa Seoul, mchezaji aliyemaliza muda wake hubaki na dakika moja kwa kila jiwe, na Mi-ran, saa mkononi, humsomea kwa sauti sekunde kumi za mwisho. Akisema kumi kabla jiwe halijagusa ubao, mchezaji huyo ameshindwa. Miaka kumi na tisa sasa. Zamani alitaka kuwa mchezaji wa kulipwa. Alifeli mtihani mara nne, umri ukamfungia mlango.

Aliyemfundisha utotoni, kule Jeonju, ni Mwalimu Bang. Aprili mwaka juzi Bang, mwenye miaka hamsini na tisa, alibakiza ushindi mmoja tu aingie raundi kuu, ambako hakuwa amefika kwa miaka ishirini. Mpinzani alikuwa Qiao, kijana wa Kichina. Asubuhi mwalimu na mwanafunzi walikunywa kahawa ya mashine kwenye korido.

"Mtoto mwenyewe hata ndevu hana," Bang alisema. "Akinipiga leo nastaafu, nakwenda kufuga kuku."

"Kuku nao watakuchoka, Mwalimu."

Alicheka, lakini Mi-ran alijua hatanii.

Alasiri Bang alikuwa mbele kwa pointi mbili hivi. Ilibaki kuziba pengo moja kwenye kona. Muda wake ulikuwa umekwisha, na Mi-ran akaanza kumsomea sekunde. Kwenye nane alimwona bado ameinama, vidole ndani ya bakuli la mawe, na huruma ikamshika ulimi. Akachelewa pumzi moja kabla ya tisa. Lakini saa haikumngoja. Ikabidi aseme kumi mara tu baada ya tisa. Jiwe lilitua baada ya neno.

Hakuna aliyelalamika. Bang alimwinamia Qiao, kisha wakakaa kurudia mchezo wote jiwe kwa jiwe, kama ilivyo desturi.

Baadaye Mi-ran alimwomba radhi.

"Mimi saa siitazami," Bang alisema. "Miaka yote nasikiliza sauti yako tu. Uliposema tisa, nilijua nina sekunde nzima."

"Nilitaka kukusaidia, Mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Akamwambia ale kitu, arudi kazini.

Jumatatu barua ya kustaafu ya Bang ilibandikwa kwenye ukuta wa chama cha baduk. Wenzake walisimama kuisoma, wakasema mkono wa mzee umekuwa mzito. Mi-ran hakuwasahihisha.