Mafigo ya Samaki

Kila ninapopasua samaki, harufu yake hunirudisha kwenye jiko letu la ugenini, Louisville. Wiki ile, katika somo la biolojia, tulikuwa tumefundishwa wanyama wenye uti wa mgongo na wasio nao, nami nilijaa maringo. Mama alikuwa anasafisha samaki.

“Mama, sisi na huyu ni ukoo mmoja. Wote tuna uti wa mgongo.”

“Bon, mwalimu, leo nitakaanga ukoo wako.” Alicheka, kisha akajishika nyuma, juu ya kiuno. “Kesho utanisemea kwa daktari. Mafigo iko inaniuma.”

Neno mafigo sikulijua, na niliona haya kuuliza. Kwa daktari nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani, kwamba ni uti wa mgongo. Daktari alinisifu. Tulirudi na dawa ya kuchua, nikamchua mama kila jioni hadi alipolazwa. Hakutoka.

Katika samaki, mafigo ni utepe mweusi wa damu ulioshikana na uti wa mgongo. Nimeukwangua sasa hivi kwa kidole gumba.