Kioo cha Juu ya Zahanati

Wanawake wa kijiji chetu waliikataa mashine ya kusaga kwa ajili ya kioo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akawacheka. Kioo chenyewe, kile cha kuvuta umeme wa jua, kilikuwa cha msaada, kikafungwa juu ya bati la zahanati bila kijiji kutoa hata senti. Betri ndizo hazikuwa za bure. Fedha ya pamba ya shamba la pamoja ilitosha betri au mashine, siyo vyote viwili, na surua ilikuwa imepita mwaka uliotangulia ikaacha nyumba nyingi hazina mtoto. Wakasema bora waendelee kutwanga, chanjo ipate ubaridi.

Nilikuwa muuguzi pale, Mhaya peke yangu kati ya Wasukuma na Wakerewe, ng'ambo ya mji wa Mwanza. Nina hasira za karibu, sifichi. Mafundi walisema kioo kitaendesha friji ya chanjo, taa ya chumba cha uzazi na redio ya kijiji. Labda huko kwao. Kwetu kiliendesha friji, tena kwa kubembelezwa. Ukiwasha redio, taa inalegea. Vumbi likitanda, friji inanuna. Na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka majini kama moshi wakitua juu yake, saa sita mchana friji yangu inadhani ni magharibi. Nilikuwa napanda jiwe kubwa lililoegemea ukuta wa nyuma, nafagia kioo kwa ufagio mrefu huku natukana kimoyomoyo.

Masika moja surua ilirudi, ikaanzia kijiji cha jirani. Chanjo zililetwa kutoka mjini ndani ya sanduku la barafu, nikaziweka kwenye friji kungoja Ijumaa, maana chupa ikishafunguliwa lazima iishe siku ileile, na kina mama wa vitongoji vyote walipaswa kukusanyika. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kisukuma, alikuwa akilea mjukuu, mtoto pekee aliyeachwa na mwanawe marehemu. Kila asubuhi alipita mlangoni.

"Sista, bado tu?"

"Bado, bibi. Ijumaa."

"Haya. Mwekee wangu ya kwake."

Siku mbili za mwisho nililala vitongojini nikitangaza kliniki. Alhamisi mchana nikarudi, nikafungua zahanati, nikakuta taa nyekundu ya friji inawaka. Nje jua lilikuwa kali. Hilo ndilo lililonitisha. Kipimajoto kilikuwa kimepanda hata nikakigonga kwa kidole nikidhani kibovu.

Nikapanda jiwe. Juu ya bati palikuwa na mtu amelazwa, amefunikwa gubigubi kwa kaniki. Hapakuwa na upepo, ziwa lilikuwa kimya, na ile kaniki haikutikisika. Nilikaa pale muda kabla ya kuthubutu kuivuta pembe. Chini yake palikuwa na kioo.

"Mwache alale, sista."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo wa makopa. Hata shikamoo sikumpa.

"Nani alale?"

"Mwanangu. Nilikuja kuanika muhogo nikamkuta humo ananitazama. Radi ilimuua hapa hapa juu ya jiwe. Mawingu yanajaa kila jioni, nimwache wazi imwone tena?"

Kando ya ziwa radi ikinguruma watu hufunika vioo. Hata mimi, pamoja na masomo yangu, nilikuwa nafunika cha chumbani kwangu. Kwa hiyo sikucheka. Bibi alinishika mkono, tukainama wote wawili.

"Umemwona?"

"Nakuona wewe na mimi, bibi."

"Yeye anakuona," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikafoka. Nilimwambia ubaridi umekufa, chanjo za watoto zimekufa, na ya mjukuu wake imo. Alianza kuokota mawe aliyokuwa amebania kaniki, moja moja.

Ijumaa kina mama walijaa uani. Chanjo iliyokufa haibadiliki rangi wala hainuki. Chupa zilikuwa nzuri vilevile kama zilivyotoka mjini. Nikawaambia friji ilizima, basi, habari za kaniki sikuzitaja. Mmoja akanisihi, "Choma tu, sista, labda nguvu imebaki." Nilizimwaga zote mbele yao, kwa sababu niliogopa nitashawishika. Bibi alitazama mpaka chupa ya mwisho, akambeba mjukuu wake akaenda.

Miaka ile petroli ilikuwa ya shida. Chanjo nyingine ilipofika, surua ilikuwa imeshapita kwetu na kuondoka, na foleni ilikuwa fupi. Bibi alikuwa wa kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mbeleko ilikuwa mgongoni, imefungwa vizuri, fundo kifuani. Ndani hamkuwa na mtu. Akanigeuzia mgongo kama wafanyavyo wote, akasubiri. Nilitamani mtu yeyote aje anitoe pale. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikaigusa ile nguo, nikamwambia nimemaliza.

"Hata hakulia," akasema.